Tukubaliane kwanza nani anazika

Mhariri,

Nina cherehani mbili barazani kwangu hapa Nkuhungu, na kwa miaka kumi na tisa kinachonilisha ni sare za kwaya. Wiki hii mezani pana vitenge vya WAWATA, umoja wa akina mama Wakatoliki, majoho kumi na mawili ya Waanglikana yanayosubiri kola, na magauni ya satini ya zambarau ya kanisa moja la kipentekoste linalosali chini ya turubai. Wenyewe wakija kupimwa hukaa benchi moja, wakapokezana watoto na kulalamikia bei ya mahindi. Mmoja tu ndiye aliyewahi kunitaka niuombee mkasi kwanza, eti umetoka kukata nguo za dini ya mapokeo, yaani za makanisa ya zamani. Nilimwongezea elfu mbili kwenye bei, Mungu anisamehe.

Naandika kwa ajili ya mama yangu mdogo, tuliyemzika Agosti iliyopita kijijini upande wa Mvumi. Alibatizwa Mwanglikana akiwa mchanga, kama Wagogo wengi wa kule, maana wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, waliingia Ugogo tangu miaka ya 1870 wakianzia Mpwapwa. Miaka yake miwili ya mwisho miguu ilikataa, mwanawe akawa anampakia bodaboda kumpeleka kanisa la maombezi lililo jirani. Huko walimbeba wakamzamisha lamboni, akabatizwa mara ya pili.

Siku ya mazishi kaburi lilikuwa tayari saa sita. Mzee wa kanisa lake la kwanza akasema jina la marehemu lilishafutwa daftarini na bahasha za sadaka hazijarudi miaka miwili, kwa hiyo kasisi haitwi. Mchungaji wa kanisa la pili alipofika akawakuta wanakwaya wa zamani wa marehemu wamejipanga kando ya jeneza. Akasema hafungui kinywa mpaka wayavue majoho. Akina mama wakagoma. Majoho hayo nilishona mimi, na najua kwa lile joto wengi walikuwa wamevaa gagulo tu ndani, wangevua vipi?

Jeneza lilikaa juu ya stuli mbili chini ya mkwaju mpaka saa kumi kasoro. Kivuli kikahama, likabaki juani, dada yangu akavua kanga yake akalifunika. Jirani mmoja Mwislamu, aliyechimba kaburi na vijana tangu alfajiri, akaniuliza taratibu, bila kejeli: "Sasa huyu bibi ana Yesu wawili?" Sikuwa na jibu. Mwisho mwalimu mmoja mstaafu akasoma Zaburi ya 23, tukaimba kwa Kigogo, tukafukia. Baadaye yule mzee na yule mchungaji wote walikula pilau ya sufuria moja.

Januari, katika juma la kuombea umoja wa Wakristo, padri mmoja alitueleza kwamba Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi Mungu anavyomkubali mwenye dhambi, kule Augsburg, Ujerumani, Oktoba 31, 1999. Tangu Luther aanze kulipinga kanisa mwaka 1517 mpaka saini hiyo ni miaka 482. Nilifurahi, lakini nikawaza: maiti haina subira hiyo.

Na si kwamba hapa kwetu viongozi hawajui kukaa meza moja. Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ya makanisa ya Kiprotestanti, waliunda tume ya pamoja ya huduma za jamii, na mpaka leo wanashirikiana kwenye hospitali na shule. Ofisi kuu ya Jumuiya iko hapahapa Dodoma. Basi wawaite na Wapentekoste, waandike ukurasa mmoja tu kuhusu mazishi. Alikosali marehemu mara ya mwisho ndiko kuongoze ibada. Kanisa la zamani likaribishwe kuimba, limevaa linavyovaa. Habari ya bahasha isifike makaburini. Kiongozi akichelewa au akisusa, Mkristo yeyote anayejua kusoma afungue Biblia tuzike. Kwa yule ambaye hakuwa anasali popote, hapo waumize vichwa wao waliosomea teolojia.

Mengine, ya ubatizo wa pili na ya meza ya Bwana, wayajadili hata miaka mingine 482.

Joho la mama mdogo bado ninalo. Aliniletea nilibane kabla hajahama kanisa, kwa kuwa alikuwa amekonda. Mwanawe hajalifuata, na kanisa halijaliulizia. Linaning'inia kwenye hanga pale mlangoni, na wateja wageni huniuliza nauza shilingi ngapi.

Mama Fundi,
Nkuhungu, Dodoma