Barua ya wazi kwa vijana wanaotaka kuotesha bomba la hewa

Wanangu wa Makerere, Mbarara na Gulu, nyinyi mnaosomea udaktari na mambo ya maabara, habari zenu. Mimi ni mzee wa hapa Bombo, nesi wa jeshi mstaafu, Kiswahili changu cha kambini mtanivumilia. Mjukuu wangu, mwenzenu, alikuja wikendi akasema anataka kufanya utafiti wa kuotesha bomba la hewa, ati unachukua seli shina za mgonjwa, zile changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, unazipanda kwenye kiunzi chenye umbo la bomba alafu unamwekea shingoni. Nikamwambia kaa kwanza, chai hii hapa.

Hiyo ndoto kuna watu walishaiota. 2008 kule Barcelona walichukua kipande cha bomba la marehemu, wakaosha seli zake likabaki gegedu, ile nyama ngumu kama ya sikio, wakapanda seli za mama mgonjwa mwenyewe, dunia ikapiga makofi. Mmoja wao, daktari Paolo Macchiarini, akaenda Karolinska, chuo cha udaktari kule Sweden, na 2011 akamwekea kijana wa Eritrea, mwanafunzi wa jiolojia aliyekuwa Iceland, bomba la plastiki lililopakwa seli. Hiyo plastiki haikujaribiwa kwanza kwa mnyama. Hata mbuzi jamani! Jarida la Lancet likachapisha habari nzuri, kijana akafa Januari 2014. Watatu aliowapasua hapo Karolinska wote wamekufa.

Nyinyi mnajua anatomia kunishinda lakini wacha niseme vile nimeona kwa mikono yangu. Ndani ya lile bomba kuna vinywele vidogo vinasukuma makohozi juu mchana na usiku, na damu yake inaletwa na vimishipa vyembamba sana. Plastiki haina vinywele wala damu, sasa makohozi yanakaa, wadudu wanaingia, mahali pa kuunga panaachia. Nimewahi kukaa usiku kucha na askari kijana mwenye tundu shingoni, kila nusu saa namnyonya makohozi kwa mashine, umeme ukikatika nakanyaga ile ya mguu, na yeye macho yake yananifuata tu manake hana sauti ya kuniita. Huyo bomba lake lilikuwa la kuzaliwa nalo bado. Fikiria la plastiki.

Na huyo askari kijana nani alimharibu? Sisi. Alipata ajali ya boda, akawekewa tyubu ya kupumulia, na kile kibofu kinachoziba pembeni ya tyubu tulikuwa tunakijaza upepo kwa kubonyeza na kidole, kikiwa kigumu tunasema sawa. Kumbe presha ikipita 30, namaanisha sentimita za maji, damu haifiki kwenye ngozi ya ndani, inakufa, inaota kovu, kovu linabana. Wiki kadhaa baada ya kwenda nyumbani akarudi anapiga filimbi akivuta pumzi. Hakuna aliyeandika kwenye faili kwamba ni kile kibofu, na mimi pia sikuandika. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ndio maana wale madaktari wanne wa Karolinska nawaheshimu kuliko profesa mwenyewe, huyo Macchiarini. Walifungua mafaili, wakalinganisha yaliyochapishwa na hali ya wagonjwa, wakaona haviendani, 2014 wakapeleka malalamiko. Mkubwa wa chuo 2015 akamsafisha mtu wake, baadaye 2016 akajiuzulu na profesa akafukuzwa, na 2023 mahakama ya rufaa ikamhukumu miaka miwili na nusu jela. Makala ya ile kazi ya Barcelona ya 2008, iliyotoka Lancet, nayo wameifuta mwaka huo huo. Miaka yote hiyo swali lilikuwa moja tu, huyu mgonjwa baada ya mwaka anapumua vipi? Mkialikwa kwenye utafiti wowote, wa mzungu au wa kwetu, ulizeni hilo kabla ya kuuliza posho.

Otesheni hizo seli, sikatazi. Lakini mjukuu nimempa kazi ya kwanza: azunguke wodi aone wangapi wanapima presha ya kile kibofu, inatakiwa ikae kati ya 20 na 30, na anayepasuliwa kwa kovu la tyubu aandikwe jina la kovu na sababu yake. Kipimo chenyewe kidogo kama saa ya mkononi chenye mpira, ninacho kimoja kabatini. Jumamosi niko nyumbani, anayetaka kukijaribu aje, ila asije saa ya taarifa ya habari.