Kusoma pamoja Jumamosi, Mikindani

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Jumamosi saa kumi na nusu, baada ya Alasiri, tunakutana barazani kama kawaida, wazee wetu wenye demensia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu) na wanaowauguza. Safari hii ni shairi moja tu, beti nne. Nimelichapa kwa herufi kubwa na kila mzee atapata nakala yake. Msiwaandae wazee nyumbani. Katika namna hii ya kusoma, ambayo taasisi ya The Reader ya Liverpool, Uingereza, imeieneza, shairi husomwa papo hapo kwa sauti, taratibu, kisha watu huzungumza. Atakayetaka kusoma ubeti asome, anayependa kusikiliza tu naye amekuja kusoma.

Ninachowaomba sana wanaouguza: tusiwaulize "unakumbuka?" Swali hilo linamfanya mzee mwenye demensia ajione yuko kwenye mtihani. Muulize shairi limemgusaje, kisha nyamaza, mpe nafasi, hata kimya kikirefuka. Akimwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake, msimsahihishe mbele za watu.

Tutafungua kwa "Hadithi, hadithi!" Mzee aliyesahau kama amekula mchana anaweza kuitikia "Hadithi njoo!" bila kusita, maana maneno ya utotoni, yenye vina na mizani, mara nyingi hudumu hata mambo ya leo yakishapotea. Kwa Kimakonde au Kimwera pia, karibuni.

Miwani msisahau jamani. Anayehitaji bodaboda aniandikie inboksi kabla ya Ijumaa usiku.