Heri ya Siku ya Selena, ndugu zangu wa Texas

Ndugu zangu wa Houston, Dallas, San Antonio na kote mlikotapakaa, hamjambo? Aprili imeiva, maua ya buluu yametanda kandokando ya barabara kuu, na leo ni tarehe 16. Nawatakia heri ya Siku ya Selena.

Mliofika karibuni kutoka Kigoma, Bukavu au Bujumbura mtauliza, sikukuu gani hiyo? Selena Quintanilla alizaliwa tarehe kama ya leo, mwaka 1971, katika mji wa Lake Jackson, akakulia Corpus Christi, kwenye Ghuba ya Meksiko. Aliimba Tejano, muziki wa Watexas wenye asili ya Meksiko, dada yake Suzette akipiga dramu na kaka yake A.B. gitaa la besi. Februari 1995 aliujaza uwanja wa Astrodome hapa Houston, watu zaidi ya 60,000. Tarehe 31 Machi akauawa kwa risasi, zikiwa zimebaki siku 16 atimize miaka 24. Gavana wa wakati huo, George W. Bush, akaitangaza siku yake ya kuzaliwa kuwa Siku ya Selena. Mwaka ule ikaangukia Jumapili ya Pasaka. Msiba ungali mbichi, na makanisani watu wanaimba ufufuo! Kila Aprili nalikumbuka hilo, na moyo unanijaa.

Lakini kinachonigusa kuliko yote ni lugha. Selena alikua akizungumza Kiingereza. Baba yake, Abraham, ndiye aliyemfundisha kuimba Kihispania, naye binti akiyashika maneno kwa sauti kabla ya kuimudu lugha yenyewe. Wasikilizaji wakampokea kama mtoto wa nyumbani. Watoto wetu nao wanakisikia Kiswahili jikoni, wanajibu kwa Kiingereza. Wangu alikuwa hivyo, mpaka bibi yake alipoanza kumwimbia kwenye simu kila Jumapili. Sasa anaimba ubeti mzima, kisha anakuja kuniuliza, "Mama, maana yake nini?" Siku hizi naingojea Jumapili kuliko yeye.

Basi leo pikeni pilau, fungulieni muziki. Mlio karibu na Corpus Christi, piteni kwenye sanamu yake ya shaba pale ufukweni, mmpelekee waridi jeupe, ua alilolipenda. Na jioni waiteni watoto waimbe cha kwetu, hata wakikosea ngeli.