Namba ya Mzee

Moshi, Jumapili usiku

Aikande mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Habari za Arusha, habari za watoto, na mguu wa Mama Doreen unaendeleaje? Sisi huku wazima. Mvua imeshika, umeme umekatika tangu saa kumi na mbili, nakuandikia kwa simu na chaji imebaki nusu, kwa hiyo nikiruka jambo utanivumilia.

Wiki ya tatu hii hujanijibu. Napiga, hupokei. Natuma ujumbe, naona tiki mbili za bluu, kimya. Najua ni kile kihesabu, ile namba ya waliofungua tovuti. Basi naanza na hilo: nilikitoa kwenye tovuti bila kukuuliza, na hapo nilikosea. Tovuti ni ya kwenu, ya kahawa ya Mzee baba yako, mimi nimeitengeneza tu. Nisamehe. Ila kuhusu kukitoa chenyewe bado nasimama palepale, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujamwambia Kaka Fred akirudishe.

Siku ile yule wakala wa safari wa Ujerumani aliandika akiuliza jambo moja: shughuli ya kahawa bado ipo, au ukurasa umeachwa? Nilishtuka. Nikafungua tovuti kama mtu asiyewajua. Juu kuzuri: kihamba, migomba, Mzee ameshika mchi anakoboa kahawa kwenye kinu. Nikashuka mpaka chini. Kisanduku cheusi, tarakimu za kijani kama za mita ya umeme: 003412. Sifuri mbili zimekaa mbele hazina kazi, kama viti vilivyopangwa kwa ajili ya watu ambao hawakuja. Mtu yuko kwao, hatujui, anafikiria kutuma pesa ya kutengewa siku yake kabla ya kupanda mlima, na kitu cha mwisho anachokiona ni hicho.

Uliniambia kwenye simu, "Mbona halmashauri wanacho?" Ni kweli wanacho. Tovuti nyingi za halmashauri zimeandikwa kabisa "Kihesabu Watu" na hakuna anayeona vibaya. Lakini nani anachagua halmashauri, Aikande? Ukitaka leseni ya biashara yako utakwenda palepale, tovuti iwe na kihesabu isiwe nacho. Mgeni wa kahawa anachagua kati ya Marangu, Materuni na kwingine mlimani, na kila kijiji kina watu wanaokaanga kahawa vizuri. Wala usinilinganishie na YouTube. Ile namba ya watazamaji haishikwi na mwenye video, ndiyo maana mtu anaiamini kidogo. Hii yetu tunajihesabia wenyewe.

Na hesabu yenyewe si ya kweli, hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Usiku ule nilikaa kitandani nikaupakia ukurasa upya: 3,413. Nikaupakia tena: 3,414. Ni mimi yuleyule, na blanketi langu. Kile kijiprogramu hakimjui mtu. Kinasoma namba iliyo kwenye faili, kinaongeza moja, kinaandika, basi. Roboti za Google zikipita kukagua kurasa nazo zimeingia humo. Vipo vingine vinavyohesabu kwa anwani ya intaneti, lakini navyo vinakosea upande wa pili: hosteli nzima ikitumia waifai moja, wote wanakuwa mtu mmoja.

Zamani kilikuwa na maana, sikatai. Miaka ya tisini mtu mwenye ukurasa wake GeoCities, kule walikotoa kurasa za bure, hakuwa na njia ya kuona kumbukumbu za seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti. Namba ile ndiyo iliyomwambia kama kuna aliyepita, na kurasa nyingi zilikuwa nayo. Novemba 2005 Google wakaanza kutoa Google Analytics bure, na mwenye tovuti akawa anaona mwenyewe, kwa ndani, watu wametoka nchi gani, wamesoma nini, wamekatia tamaa wapi. Tangu hapo ile ya nje ikawa inaonyesha umri. Ndiyo maana mtu akiiona anadhani wenyewe wamehama. Hiyo ya ndani ninyi mnayo siku zote, ni vile tu mimi ndiye ninayeifungua.

Shemeji naye, uliposema alishauri tuanzie elfu hamsini, nilikasirika kuliko nilivyoonyesha. Unakumbuka tulipokuwa tunarudi shule, pale stendi? Tunaingia kwenye Coaster tunaona imejaa, tunashukuru tumewahi, gari likikaribia kuondoka nusu ya abiria wanashuka, kumbe vijana wa wapiga debe wamekalishwa tu. Ulilia siku ile kwa sababu tulifika usiku. Sasa tukaifanye hiyo kazi kwenye jina la baba yako?

Lakini jambo lililonifanya nikae chini niandike ni la jana. Nilipanda Marangu peke yangu, sikukwambia. Niliona nikamwambie Mzee mwenyewe.

Nilimkuta barazani, daftari mapajani. Lile la jalada gumu, unalijua? Mimi sikulijua. Kumbe kila asubuhi baada ya chai alikuwa anamwita Joshua amsomee ile namba, anaiandika. Safu tatu: tarehe, namba, iliyoongezeka. Mwandiko uleule wa ukarani wake wa mizani kule chama cha msingi cha ushirika, saba zimekatwa katikati. Nikafunua mpaka mwisho. Tangu siku niliyokitoa kihesabu, tarehe anaendelea kuandika, kila siku, bila kuruka. Kwenye namba ameweka kistari. Vistari kumi na tisa, Aikande. Nilivihesabu.

Hapo nikaelewa umenikasirikia nini. Ungeniambia tu. Au labda ulijaribu kuniambia, mimi nikawa nakufundisha habari za seva.

Mzee hakunigombeza. Aliniuliza, "Mwanangu, wameacha kuja?" Ile sauti bado iko masikioni. Nikamweleza polepole yote niliyokuandikia hapa, habari ya blanketi na habari ya roboti. Akanyamaza. Halafu akasema, "Kwa hiyo gunia moja limepimwa mara tatu." Nikamwambia ndiyo. Akageuza daftari, akalifungua kwa nyuma. Huko ameandika wageni waliofika pale nyumbani kwa miguu yao, nchi walikotoka, na vikombe walivyokunywa. Wako 118. Akaweka kidole hapo akasema mzani ni mzani, lakini mkulima anaijua hela yake kahawa ikishauzwa mnadani.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia namba isirudi mbele za wageni. Lakini aliomba apate yake. Ameiomba kwa adabu mpaka nikaona aibu.

Basi leo mchana nimeitengeneza. Kila siku saa moja asubuhi atapata ujumbe mfupi kwenye kitochi chake, hesabu ya jana, roboti zimeondolewa kwa kadiri inavyowezekana. Nimejaribu kwa simu yangu, umekuja hivi: "Jana watu 9. Ujerumani 4, Tanzania 3, Uholanzi 2." Kesho anaanza kupokea. Namba zitakuwa ndogo kuliko alizozoea, nimemwambia, akasema hata msimu wa kahawa kidogo aliuandika.

Pale kilipokuwa kihesabu pako wazi. Nilitaka niweke picha ya ukurasa wa nyuma wa daftari, lakini una majina ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 2023, hatuwezi kuyaanika bila ruhusa yao. Nafikiri tupige mkono wake tu akiandika, karatasi ionekane kwa mbali. Na chini yake kiungo cha yale maoni ambayo wageni wameandika wenyewe kwenye ramani ya Google. Wakala wa Ujerumani nilimjibu kwamba tupo, akaniomba tarehe za Januari. Bado sijampa, nakungoja wewe.

Chaji inaisha. Niambie: umenisamehe, au bado? Kaka Fred umeshamwambia akirudishe? Kama umemwambia, utamzuia? Jumapili ijayo unaweza kupanda Marangu, hata kwa saa mbili, unipigie hiyo picha? Kamera yako ni nzuri kuliko simu yangu na Mzee kwako hakazi uso. Januari tuchukue kundi la watu sita kwa siku au ni wengi kwa Mama? Joshua anadai elfu tano zake za kusoma namba, alikuwa analipwa kweli? Na kile kitambaa changu cha kwenye harusi bado kiko kwako?

Nijibu hata neno moja.

Wako,
Manka

Umeme umerudi sasa hivi. Nimefungua tovuti kwenye kompyuta niione tena, pale chini peupe panaonekana patupu mno. Leta kamera.