Shukrani kwa Aliyeiokoa Miti Yangu Michanga

Ninakushukuru kwa dhati, ndugu ambaye hukutaja jina lako, uliyesimama kando ya miti yangu michanga wakati majani yake yalipokuwa yamejikunja na kukauka kingoni, nami nikiwa tayari nimeshika mbolea mkononi. Ulinizuia kwa upole, ukanieleza kwamba mizizi iliyokatika wakati miti ilipong'olewa ili kuhamishiwa hapa haiwezi kunywa maji ya kutosha, na kwamba mbolea ingeweza kuiunguza. Kisha ulifukua udongo kwa vidole hadi shingo ya mizizi (pale shina linapokutana na mizizi), niliyoifukia mno, ikaonekana, ukatandaza matandazo ya unene wa sentimita 7 bila kugusa shina, ukamwagilia taratibu mpaka maji yakazama chini. Leo nimeona machipukizi mawili kwenye mti niliokuwa nimeukatia tamaa.