Tunaomba kukiona kitabu cha viboko

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wakuu wa shule wa Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, na wazazi wenzangu pia, maana lawama hii si ya walimu peke yao.

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, za mwaka 2002, hazina fumbo. Kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, na visizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda iwe shule haina hata mmoja. Umri na afya ya mtoto viangaliwe. Na kila adhabu inapotolewa iandikwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyechapa.

Nani kati yetu amewahi kukiona kitabu hicho?

Mtoto wa jirani yangu hapa Igoma yuko kidato cha pili. Siku moja alichelewa. Getini mwalimu wa zamu akamchapa viwili. Kuingia darasani akakuta kipindi kimeshaanza, mwalimu wa somo naye akampa viwili. Saa ya mapumziko wachelewaji wote wakaitwa mbele ya ofisi, wakala vitatu vitatu. Mama yake alipokwenda kuuliza, maana mkono wa kijana ulivimba hata kalamu haukamati, kila mwalimu alikuwa na jibu safi: mimi nilimchapa viwili tu, mimi vitatu tu. Hakuna aliyezidisha vinne, ila mtoto kala saba. Kitabu kingejazwa tangu getini, wa pili asingeinua fimbo, na huo mlolongo wa mapumziko usingekuwepo.

Na katika wote hao watatu, hakuna aliyemuuliza kwa nini amechelewa. Alikuwa kituoni tangu alfajiri. Konda anafungua mlango, anaona sare, anasema denti wametosha, gari linaondoka na viti vitupu vya watu wazima wa kituo kinachofuata. Kirumba nako wapo wanaoanza siku kwa kumsaidia mama kuanika dagaa ndipo wavae sare. Wazembe wapo, tena wengi, na siwatetei. Lakini utawatenganishaje bila kuuliza?

Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, na sioni mahali palipoandikwa kwamba mwenye sare haimhusu. Ibara hiyohiyo inakataza adhabu za kutweza na kudhalilisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inataka adhabu ya kumrekebisha mtoto ilingane na umri wake na hali yake ya mwili na akili. Mtoto wa darasa la tano kule Bukoba alifariki Agosti 2018 baada ya kipigo shuleni, kwa tuhuma ya kuiba mkoba. Tuhuma tu, Mhariri.

Kuna "kalete mzazi" pia. Mzazi yuko kisiwani Ukerewe anavua, mtoto amepanga chumba Mabatini. Hakuna barua, hakuna tarehe ya kurudi, wala bodi ya shule haijui. Anakaa nje ya masomo hadi mtu amkumbuke. Huko ni kusimamishwa masomo kwa mlango wa nyuma.

Najua jibu la wengi: sisi tulichapwa na tukatoka watu. Wenzetu tunaochota nao maji ya ziwa hili, Kenya iliachana na viboko shuleni mwaka 2001 na Uganda ikavipiga marufuku kwa sheria mwaka 2016. Binafsi ningependa tuwafuate. Lakini mwalimu mwenye darasa la watoto mia, analisahihisha na kulinyamazisha peke yake, simlaumu akisema hana njia nyingine aliyofundishwa. Huo ni mjadala wa Dodoma.

Ninachoomba hapa Mwanza hakihitaji sheria mpya wala bajeti. Kitabu cha adhabu kisomwe kwenye kila mkutano wa wazazi, bila majina ya watoto: makosa gani, viboko vingapi, nani alichapa. Mwanafunzi aulizwe kabla ya kuadhibiwa, na maelezo yake yaandikwe mstari mmoja kando ya kosa. Anayerudishwa nyumbani apewe barua yenye sababu na tarehe ya kurudi. Wazazi nasi tuache kuwaambia walimu "mchape tu, ni wako", kisha tukashangae hospitali.

Na askari wa usalama barabarani wasimame kituo cha Igoma saa kumi na mbili asubuhi, wakiwa wamevaa kiraia, wahesabu daladala zinazowaacha wanafunzi.

Mzazi,
Igoma, Mwanza