Chupa za mbegu za uyoga ziandikwe tarehe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalotuumiza sisi wakulima wadogo wa uyoga, hasa tunaootesha uyoga aina ya mamama majumbani.

Ukinunua mbegu za mahindi dukani, pakiti ina lebo inayokueleza aina na tarehe. Mbegu za uyoga tunauziwa kwenye chupa isiyoandikwa hata neno moja. Ndani mna punje za mtama zilizofunikwa na utando mweupe, na utando huo ni kiumbe hai. Ukikaa muda mrefu, tena kwenye joto, unachoka, na kwa macho huwezi kujua chupa ina wiki tatu au miezi sita.

Msimu uliopita nilikatakata majani makavu ya migomba, nikayaloweka, nikachanganya na pumba, nikayapika kwa mvuke kwenye pipa tangu asubuhi hadi jioni, kwa kuni za kununua. Yalipopoa nikayajaza mifukoni pamoja na mbegu, nikaipanga kwenye banda la giza. Wiki chache baadaye, badala ya utando mweupe, mifuko mingi ilikuwa na ukungu wa kijani. Nilipompigia muuzaji alijibu: "Mama, hukuchemsha vizuri."

Ni kweli, ukungu huo huingia pia pale majani yasipoiva au mikono ikiwa michafu. Lakini mbegu iliyochoka hutambaa polepole, na ukungu hauisubiri. Bila tarehe, yeye hana cha kunithibitishia wala mimi sina cha kumdai. Hasara nimebeba mimi, na wateja waliokuwa wakinisubiri nimewakosa.

Aina nayo iandikwe. Ziko mamama zinazotaka baridi. Ukizipanda huku kwetu mwezi wa Januari, utando unaweza kujaa mfuko mzima na uyoga usichomoze.

Nawaomba wanaosimamia ubora wa mbegu nchini wawafikie na wazalishaji wa mbegu za uyoga: kila chupa ionyeshe aina, tarehe ilipoandaliwa na simu ya mzalishaji. Kipande cha karatasi na kalamu vinatosha, hakuna gharama ya kumshinda mtu.

Na wakulima wenzangu, tusilipe kabla ya kuuliza chupa iliandaliwa lini. Asiyeweza kujibu, tumwachie chupa yake.

Mkulima wa uyoga,
Kihonda, Morogoro